Je, Wajua? Kompyuta Kuukuu Haijafa

Je, wajua kwamba kompyuta nzito na kompyuta inayojizima ovyo ni matatizo mawili, wala si moja? Watu huyachanganya, na fundi mwenye haraka huyachanganya zaidi: unampelekea mashine inayokokota, anakuwekea Windows upya, unalipa, na baada ya muda si mrefu mambo ni yale yale. Uzito kwa kawaida hutoka kwenye diski iliyochoka au RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, iliyozidiwa. Kujizima, kuganda na kujiwasha upya katikati ya kazi hutoka zaidi kwenye joto, umeme au RAM mbovu. Kwa hiyo jiulize kwanza: yako inakokota, au inakatika? Inaniuma kuona mashine nzima inaishia jalalani kwa sababu ya kifaa ambacho kingebadilishwa mchana mmoja.

Kabla hujafungua hata skrubu moja, nakili mafaili yako. Wapiga picha wanaifuata kanuni iliyoenezwa na mwenzao wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Diski iliyoanza kugonga tak-tak-tak usiiwashe ovyo, maana kila kuwashwa kunaweza kuwa ndiko kwa mwisho. Toa kwanza picha za watoto, vyeti na hesabu za duka. Mengine yatafuata.

Je, wajua kwamba ndani ya diski ngumu ya kizamani kuna sahani zinazozunguka, nyingi kwa mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde? Kichwa cha kusomea hakigusi sahani. Kinaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Windows inapofunguka huomba maelfu ya vipande vidogo vidogo vya data vilivyotawanyika, na kwa kila kipande kichwa kinasogea, kisha kinasubiri sahani izunguke mpaka pale panapotakiwa. Diski ya namna hii humudu safari mia moja hivi kwa sekunde. SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, humudu makumi ya maelfu. Ndiyo maana kuihamishia kompyuta ya zamani kwenye SSD hubadili mambo kuliko jambo jingine lolote utakalolifanya, na kompyuta mpakato nyingi za mwaka 2008 na kuendelea zinaipokea bila shida: unafungua kifuniko, unachomoa ya zamani, unachomeka mpya palepale.

Diski ngumu ya kwanza kabisa ilitoka IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na zote pamoja zilihifadhi herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu ya leo huweza kuijaza.

Lakini usinunue SSD kwa kukisia. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue Task Manager, programu iliyoandikwa na mhandisi wa Microsoft, Dave Plummer, miaka ya 1990. Kwenye Windows 8 na zilizofuata utaona safu ya diski, ya RAM na ya prosesa. Iache mashine ikae dakika kumi baada ya kuwaka, kisha tazama. Diski ikisimama kwenye asilimia 100 huku prosesa inahangaika na asilimia kumi tu, umemkamata mhusika. RAM ikiwa asilimia 90 na zaidi, kompyuta imeanza kuitumia diski badala ya RAM, na diski ya kuzunguka haiwezi kazi hiyo. Prosesa ikiwa juu muda wote hali hujafungua chochote, bofya safu yake uone ni programu gani inayoila. Kwenye mashine nyingi za nyumbani utazikuta antivirusi mbili zinakagua faili lile lile kila moja kwa zamu yake. Ondoa moja. Windows tangu toleo la 8 inakuja na antivirusi yake ndani, na kwa nyumba nyingi inatosha.

Je, wajua kwamba wimbo uliwahi kuzimisha kompyuta? Mwaka 2022 Raymond Chen wa Microsoft alisimulia kwamba kampuni moja kubwa ya kompyuta iligundua kuwa video ya Rhythm Nation ya Janet Jackson ilikuwa ikiziangusha baadhi ya mpakato zake. Ajabu zaidi, hata mpakato iliyokuwa jirani, isiyocheza wimbo wowote, nayo ilianguka. Chanzo kilikuwa mlio mmoja ndani ya wimbo uliolingana na mtikisiko wa asili wa diski zenye mizunguko 5,400. Kampuni ikaweka kichujio cha kuukata mlio huo usifike kwenye spika, na kasoro yenyewe imeingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya udhaifu wa kiusalama kwa namba CVE-2022-38392. Miaka mingi kabla ya simulizi hiyo, mwaka 2008, mhandisi Brendan Gregg wa Sun Microsystems alijirekodi akizipigia kelele diski za seva, na grafu ikaonyesha zikichelewa kila alipopaza sauti. Basi kama diski yako bado ni ya kuzunguka, iepushe na meza ya spika kubwa, na usihamishe kompyuta huku imewaka.

Ukishaweka SSD, acha kabisa ile kazi ya kupanga upya vipande vya diski. Ilikuwa na maana kwa sahani zinazozunguka. Kwenye SSD haileti kasi ya maana, ila inakula uhai wa kifaa.

Je, wajua kwamba unaweza kununua RAM ya gigabaiti 8 na kompyuta ikatumia tatu na kitu tu? Windows ya biti 32 ina anwani 4,294,967,296 za kuhifadhia, basi, na hizo ni gigabaiti nne kamili; sehemu yake hukatwa kwa ajili ya kadi ya picha na vifaa vingine. Kabla hujaenda dukani bofya kulia kwenye This PC, chagua Properties, usome kama mfumo wako ni wa biti 32 au 64. Kama ni 32 na prosesa inakubali 64, badili mfumo kwanza. Na angalia aina: DDR2, DDR3 na DDR4 haziingiliani, kwa kuwa pengo lililochongwa kwenye ukingo wa kila aina limekaa mahali tofauti. Ikigoma kuingia, usilazimishe.

Sasa tuje kwenye kuanguka, maana hapa ndipo watu huteseka bure.

Kabla ya kununua RAM mpya, isafishe iliyopo. Zima, chomoa waya wa umeme, na kama ni mpakato toa na betri. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki umalizike. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine ndani. Mtu huanza kuhisi mshtuko wa umeme tuli ukifikia volti 3,000 hivi, ilhali vifaa vya ndani huweza kuharibiwa na kiasi kidogo mno kuliko hicho, bila wewe kuhisi chochote. Fungua vibanio viwili vya pembeni, RAM itainuka yenyewe. Utaona safu ya meno ya rangi ya dhahabu. Chukua kifutio cheupe cha penseli, ufute meno hayo taratibu pande zote mbili kwa mwelekeo mmoja, kisha upulize unga wa kifutio. Kwa wanaokaa Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa ina chumvi na unyevu, utando wa uchafu kwenye meno hayo hujijenga haraka na kazi hii ina faida kubwa. Rudisha RAM mpaka vibanio vilie ka! pande zote. Kompyuta nyingi za mezani zilizokuwa zinawaka feni bila kuonyesha picha zimefufuka kwa kifutio tu.

Ikiendelea kuanguka, ipime. Andika mdsched kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, au weka Memtest86 kwenye flashi, programu iliyoanzishwa na Chris Brady mwaka 1994, uiache ikimbie usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuihukumu RAM. Kama ziko mbili, pima moja moja, na kila moja ipime kwenye tundu lile lile, ili ujue kama ubovu uko kwenye RAM au kwenye tundu.

Kosa la biti moja tu kwenye RAM linaweza kufanya nini? Katika uchaguzi wa Ubelgiji wa mwaka 2003, kwenye manispaa ya Schaerbeek mjini Brussels, mgombea mmoja alionekana ana kura 4,096 za ziada, nyingi kuliko ilivyowezekana. Idadi hiyo ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara kumi na mbili, yaani thamani ya biti moja iliyogeuka kutoka sifuri kuwa moja. Programu ilipokaguliwa haikukutwa na kosa. Maelezo yaliyobaki ni kwamba biti iligeuka yenyewe ndani ya kumbukumbu, na mionzi kutoka anga za juu inatajwa kuwa ndiyo iliyoigeuza.

Joto nalo. Prosesa za kisasa zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia mwendo zenyewe, na joto likizidi hujizima ghafla bila onyo. Hazikuwa hivyo zote. Mwaka 2001 jarida la mtandaoni la Tom's Hardware liling'oa kipoozeo juu ya prosesa zikiwa kazini: Pentium 4 ilijipunguza mwendo ikaendelea, Athlon ya wakati huo ikaungua ikatoa moshi. Ya kwako pengine inajilinda, na kujilinda huko ndiko unakokuona kama uzito wa mchana wa jua kali. Kompyuta inayokwenda vizuri dakika ishirini za mwanzo kisha ikaanza kuzembea au kuzimika, ishuku joto kabla ya virusi.

Dawa yake ni blowa na subira. Peleka kasha nje, shikilia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, maana hewa ya blowa inaweza kuizungusha feni kupita kiasi na kuichakaza, kisha puliza. Kwenye mpakato, zulia la vumbi hujikunja katikati ya feni na mapezi ya shaba, mahali usipopaona mpaka ufungue. Tazama pia kama kuna mende. Wanapenda ujoto wa humo. Kama mashine ina miaka mingi, ile dawa nyeupe au ya kijivu kati ya prosesa na kipoozeo imeshakauka ikawa unga. Ifute kwa spiriti, weka mpya, tone dogo kama punje ya mchele katikati, urudishe kipoozeo na kukaza skrubu kwa kukingamiza. Na kwa heshima zote, usiitumie mpakato juu ya godoro.

Je, wajua kwamba nyuma ya kompyuta nyingi za zamani za mezani kuna swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230? Marekani hutumia volti 120. Tanzania ni 230, Kenya 240. Mashine ya mtumba iliyotoka Marekani ikiwa swichi iko kwenye 115, ukiichomeka kwenye soketi ya kwetu utasikia mlipuko na pawasaplai imekwisha. Angalia kabla ya kuchomeka, kila mara unaponunua mtumba. Pawasaplai zilizoandikwa 100–240V hazina swichi, zinajichagulia zenyewe.

Ukifungua kasha, mulika tochi kwenye kapasita za mazabodi, yale mapipa madogo yaliyosimama karibu na prosesa. Kichwa kinatakiwa kiwe bapa. Kikiwa kimevimba au kina uchafu wa kahawia, hapo ndipo mashine inapozimikia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita zenye kemikali mbovu zilisambaa duniani kote, zikaharibu mazabodi za makampuni mengi makubwa. Fundi wa redio mwenye mkono mzuri anaweza kuzibadilisha, mradi azingatie volti, ujazo na upande wa hasi.

Kompyuta ya mezani inayojizima umeme unapopungua na feni ya darini kupunguza mwendo haina kosa lolote. Inahitaji UPS yenye betri nzima. Baadhi ya mpakato nazo hupunguza mwendo wa prosesa zikikuta chaja isiyotambulika, hata kama inachaji. Ukiona mpakato imekuwa nzito tangu ununue chaja ya bei poa, umepata jibu. Na kipadi cha kugusa kikianza kuinuka au kugoma kubofyeka, betri chini yake imevimba: zima, chomoa, na usiitumie tena betri hiyo wala kuitoboa.

Je, wajua kwamba saa mbovu hukata intaneti? Kwenye mazabodi kuna betri ya kidonge, CR2032. Jina lake linasema vipimo: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Ikiisha, kompyuta ikichomolewa husahau tarehe na kurudi miaka mingi nyuma. Kivinjari kikilinganisha tarehe hiyo na vyeti vya usalama vya tovuti, kinaona vyeti havijaanza hata kutumika, na kinakataa kufungua. Mtu anamlaumu mtoa huduma, ananunua bando jingine, ilhali tatizo ni betri inayouzwa kwa fundi saa wa mtaani.

Wajua pia kwamba kuzima si kuzima? Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukichagua Shut down mfumo huhifadhi kiini chake kwenye diski ili kesho uwake haraka. Uchafu wa jana unaamka nao. Anayetaka kuanza upya kweli achague Restart.

Na kuanza upya si ushauri wa fundi mvivu. Windows 95 na 98 zilihesabu milisekunde kwa biti 32, kwa hiyo zilipofika ile namba ya juu kidogo ya bilioni nne, yaani baada ya siku 49.7 bila kuzimwa, ziliganda. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zisikae zimewashwa siku 248 mfululizo bila kuzimwa umeme, kwa sababu vidhibiti vya jenereta vingeweza kujizima vyote kwa pamoja. Kama ndege inahitaji kuzimwa na kuwashwa, kompyuta ya sebuleni inahitaji pia.

Skrini ya bluu ikitokea, usikimbilie kitufe. Ipige picha kwa simu. Msimbo uliopo chini ndio unaomwambia fundi aanzie wapi: MEMORY_MANAGEMENT humwelekeza kwenye RAM, WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR kwenye ubovu wa kifaa chenyewe, mara nyingi joto, umeme au prosesa. Kwenye Windows 11 Microsoft iliibadili skrini hiyo kuwa nyeusi mwaka 2025, lakini msimbo bado upo.

Kisha andika neno reliability kwenye kisanduku cha kutafutia. Utafunguka ukurasa ambao wenye kompyuta wachache wameuona, ingawa upo tangu Vista: kalenda ya kila siku, yenye alama nyekundu pale kitu kilipoanguka. Bofya siku ya kwanza yenye wekundu, utazame ni programu au draiva gani iliingizwa siku hiyo au jana yake. Kama wekundu ulianza siku uliyoweka draiva mpya ya printa, huna haja ya kufungua kasha.

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa rasmi mashine nyingi za kabla ya 2018 hivi. Hapo ndipo wengi huambiwa wanunue mpya. Ipo njia nyingine: Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991. Linux Mint hukubali kuanzia gigabaiti 2 za RAM, ingawa 4 ndizo za kufanyia kazi kwa raha. Ina kazi nyingine nzuri kwa anayetafuta ubovu: unaiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Itumie hivyo siku nzima. Ikianguka nayo, ubovu uko kwenye vifaa. Ikitulia, shida ni Windows, draiva au diski yako. Kipimo hiki ni bure na kinaondoa ubishi wote na fundi.

Na kama mazabodi imekufa kweli, diski mara nyingi bado nzima. Itoe, uitie kwenye kasha la USB linalouzwa madukani, uchomeke kwenye kompyuta nyingine: mafaili yako yale pale, isipokuwa kama diski ilifungwa kwa ufunguo wa siri, ambao lazima uwe nao. Mtu mwingine naye anaweza kufanya hivyo hivyo na diski uliyoiuza. Kufomati kwa haraka hufuta orodha ya mafaili tu, mafaili yenyewe yakabaki mpaka data nyingine iandikwe juu yake. Kwa hiyo kabla ya kuuza mashine yenye diski ya kuzunguka, ondoa alama ya Quick Format kwenye dirisha la kufomati, uiache iandike sifuri kila mahali. Inaweza kuchukua saa nyingi. Isubiri.